Serikali Isiyo na Kanisa, Siasa Iliyojaa Makanisa

Mzee Martin Luther King, mchungaji wa Kanisa la Kibaptisti la Ebenezer mjini Atlanta na baba wa mwanaharakati anayebeba jina hilohilo, hakutaka kumpigia kura John F. Kennedy mwaka 1960. Kennedy alikuwa Mkatoliki, na mzee King, kama mamilioni ya Waprotestanti wa Marekani wa enzi hizo, hakuwa tayari kumwona Mkatoliki akiingia Ikulu. Miaka 32 nyuma mgombea mwingine Mkatoliki, Al Smith, alikuwa ameangushwa vibaya, na dini yake ilichangia sana anguko hilo.

Zikiwa zimebaki wiki tatu hivi kabla ya uchaguzi, mwanawe alikamatwa. Alikuwa amekwenda na wanafunzi kuketi kwenye mkahawa wa duka la Rich's, ambako weusi walikuwa hawahudumiwi. Wanafunzi waliachiwa, yeye akabakizwa kwa kosa la zamani la leseni ya kuendesha gari. Hakimu akampa miezi minne ya kazi ngumu, naye akachukuliwa usiku, mikono ikiwa na pingu, hadi gereza la Reidsville. Mkewe, Coretta, alikuwa mjamzito, na alijua vizuri yanayoweza kumpata mtu mweusi gerezani Georgia.

Kennedy alimpigia Coretta simu fupi ya kumpa pole. Mdogo wake, Robert, akampigia hakimu. Siku iliyofuata King alikuwa huru, na mzee wake akatangaza hadharani kwamba kura yake sasa ni ya yule Mkatoliki. Watu wa kampeni wakachapisha kijitabu cha karatasi ya buluu kikisimulia kisa hicho, nakala zipatazo milioni mbili, zikagawiwa milangoni mwa makanisa ya weusi Jumapili ya mwisho kabla ya uchaguzi. Kennedy alishinda kwa tofauti ya kura zisizofika 120,000 kati ya kura zaidi ya milioni 68.

Wanahistoria hawajakubaliana ni kura ngapi zilizoletwa na karatasi ile. Kisa chenyewe, hata hivyo, kinaeleza jambo ambalo mgeni wa siasa za Marekani hulipata kwa shida. Katiba ya nchi ile haimtambui Mungu wa dhehebu lolote, wala hairuhusu mtu yeyote kuulizwa dini yake ili apewe cheo cha serikali kuu. Pamoja na hayo, ni shida kutaja tukio moja kubwa la historia yake ambalo halikupitia kanisani, likiwa jema au likiwa baya.

Wahamiaji wa Kipuritani walioanzisha koloni la Massachusetts katika karne ya 17 walikuwa wamekimbia bughudha za Kanisa la Uingereza. Walipopata nchi yao, wakaanza kuwabughudhi wengine. Roger Williams, mhubiri aliyesema kwamba mtawala hana mamlaka juu ya dhamiri ya mtu, alifukuzwa, naye akaanzisha makazi ya Providence mwaka 1636. Mary Dyer alikuwa Mquaker, yaani muumini wa Jumuiya ya Marafiki. Alifukuzwa Boston zaidi ya mara moja na kila mara akarudi, hadi wakamnyonga mwaka 1660. Kusini, katika Virginia, kanisa rasmi lilikuwa la Kianglikana, na kila mtu alilipa kodi ya kulitunza, awe muumini wake au la. Wahubiri wa Kibaptisti walitiwa jela kwa kuhubiri bila kibali. Wengine waliendelea kuhubiri kupitia madirisha ya jela.

Kwa hiyo waliodai kwa nguvu serikali itengane na kanisa walikuwa waumini wenyewe. Thomas Jefferson na James Madison waliandika maneno ya sheria, lakini Wabaptisti na Wapresbiteri wa Virginia ndio waliokusanya saini na kupiga kelele mpaka Sheria ya Uhuru wa Dini ikapita mwaka 1786. Miaka mitano baadaye Marekebisho ya Kwanza ya Katiba yakakataza Bunge la taifa kuweka dini rasmi au kuzuia watu wasiabudu. Tarehe 1 Januari 1802 mhubiri wa Kibaptisti, John Leland, alimfikishia Rais Jefferson jibini moja la kilo zaidi ya 500, zawadi ya wakulima wa Massachusetts walioshukuru kwa uhuru huo. Siku hiyohiyo Jefferson aliwaandikia Wabaptisti wa Danbury, Connecticut, barua maarufu inayozungumzia ukuta kati ya kanisa na dola. Massachusetts yenyewe iliendelea kutoza kodi ya kanisa hadi mwaka 1833, kwa kuwa katazo la Katiba wakati huo lilihusu serikali kuu pekee.

Msomaji wa Tanzania aliyezoea kusikia kwamba serikali haina dini bali watu wake ndio wenye dini atalielewa wazo hilo mara moja. Kilichofuata Marekani ndicho cha kutazamwa kwa makini. Kanisa lisilolishwa na serikali halina budi kuwatafuta watu wake lenyewe. Mhubiri asiyegusa mioyo hubaki na viti vitupu na kapu la sadaka tupu. Wamethodisti na Wabaptisti wakapanda farasi, wakawafuata watu mashambani na mipakani, wakapokea wahubiri wasio na shule, na baada ya miongo michache wakawa wengi kuliko makanisa ya zamani. Madhehebu yakazaliwa moja baada ya jingine. Mengine yalivuka bahari na sasa ni ya kwetu kabisa: Wasabato walijiunda rasmi Battle Creek, Michigan, mwaka 1863. Uamsho wa Kipentekoste wa mtaa wa Azusa, Los Angeles, uliongozwa kuanzia mwaka 1906 na William Seymour, mwana wa watu waliowahi kuwa watumwa. Nao Waquaker wa Marekani walifika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ina Waquaker wengi kuliko Marekani yenyewe.

Kanisa la namna hiyo, linalomilikiwa na watu wanaoliendesha, hubeba pia hofu zao, maslahi yao na dhambi zao. Hapo ndipo utumwa unapoingia.

Mwaka 1776, wiki chache baada ya uhuru kutangazwa, Benjamin Franklin alipendekeza muhuri wa taifa jipya uwe na picha ya Musa akiinyoshea mkono Bahari ya Shamu huku maji yakimfunika Farao. Jefferson alipendekeza wana wa Israeli jangwani. Picha hizo hazikutumika, lakini zinaonyesha jinsi waasisi walivyojiona: Mfalme wa Uingereza ni Farao, wao ni taifa lililokombolewa. Jefferson wakati huo alimiliki watumwa zaidi ya mia. Wale waliomlimia waliisikia hadithi hiyohiyo ya kitabu cha Kutoka, na kwao Misri ilikuwa Virginia.

Nani alikuwa na haki ya kuisimulia hadithi ile? Swali hilo ndilo lililoyapasua makanisa ya Marekani kabla halijaipasua nchi. Tayari mwaka 1688 Waquaker wanne wa Germantown, Pennsylvania, waliandika kupinga kuuza na kununua watu. Upande wa pili walisimama wachungaji waliohubiri utii wa mtumwa kwa bwana wake, na walipata mistari ya kunukuu. Wamethodisti walivunjika mwaka 1844 kwa sababu ya askofu wa Georgia aliyekuwa na watumwa. Mwaka uliofuata Wabaptisti wa kusini walijitenga na wenzao wa kaskazini, wakaanzisha jumuiya yao wenyewe, ambayo baadaye ilikuwa dhehebu kubwa kuliko yote ya Kiprotestanti nchini. Jumuiya hiyo iliomba radhi kwa kuutetea utumwa mwaka 1995, miaka 150 baada ya kuundwa. Ni muda mrefu mno. Rais Abraham Lincoln, alipoapishwa mara ya pili mwaka 1865, alikiri mbele ya umati kwamba pande zote mbili za vita vya wenyewe kwa wenyewe, kaskazini na kusini, zilisoma Biblia moja na kumwomba Mungu mmoja, kila moja ikitaka msaada wake dhidi ya nyingine.

Weusi hawakungoja wazungu wamalize mabishano. Richard Allen, aliyezaliwa utumwani na kujinunulia uhuru wake, alikuwa akihubiri katika kanisa la Kimethodisti la St. George's mjini Philadelphia mwishoni mwa karne ya 18. Siku moja mwenzake, Absalom Jones, alivutwa na kuinuliwa akiwa bado amepiga magoti katika sala, kwa kuwa amekaa mahali palipotengwa kwa wazungu. Waumini weusi walitoka wote. Allen alifungua kanisa la Bethel mwaka 1794, na mwaka 1816 likazaliwa Kanisa la Kimethodisti la Kiaskofu la Kiafrika, linalojulikana zaidi kwa herufi AME. Katika nchi ambayo mtu mweusi hakuweza kumiliki karibu chochote bila wasiwasi, kanisa lilikuwa jengo lake, hazina yake na shule yake, tena mahali pekee alipoweza kuchagua viongozi na kuwaondoa.

Wenye watumwa waliitambua hatari hiyo. Baada ya Nat Turner, mhubiri aliyekuwa mtumwa, kuongoza maasi Virginia mwaka 1831, bunge la jimbo lilipiga marufuku weusi kuhubiri. Mwaka huohuo wa maasi, katika jimbo jirani la North Carolina, mzee aitwaye Omar ibn Said, mwanachuoni kutoka Futa Toro katika Senegal ya leo, aliandika maisha yake kwa Kiarabu akiwa bado mtumwa. Alianza na Surat al-Mulk, sura inayotangaza kwamba ufalme wote umo mkononi mwa Mungu. Bwana wake hakuweza kuisoma. Miongoni mwa Waafrika waliopelekwa Marekani walikuwamo Waislamu wengi, na wengi wao hawakuacha hata mstari mmoja. Andiko la Omar sasa limehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge mjini Washington.

Utumwa ulipokwisha, mtu mweusi wa kwanza kuingia Seneti, Hiram Revels wa Mississippi, mwaka 1870, alikuwa mchungaji aliyewekwa wakfu na AME. Kisha ikaja miongo ya ubaguzi wa kisheria, kura zikaporwa, na kanisa likabaki kuwa bunge pekee la weusi wa kusini.

Nguvu za bunge hilo zilionekana Montgomery, Alabama. Rosa Parks, muumini wa AME, alikamatwa Alhamisi tarehe 1 Desemba 1955 kwa kukataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi. Usiku uleule Jo Ann Robinson, mwalimu wa chuo, alichapa maelfu ya karatasi za kuwataka watu wasipande mabasi Jumatatu. Karatasi ziligawiwa mashuleni na mitaani, na Jumapili wachungaji wakatangaza mimbarini. Jumatatu mabasi yalipita karibu matupu. Jioni yake maelfu walifurika Kanisa la Kibaptisti la Holt Street, hata wengi wakasikiliza wakiwa nje kwa vipaza sauti, na kijana wa miaka 26 aliyekuwa mjini kwa mwaka mmoja na kidogo tu, mchungaji King, akasimama kuzungumza kama mwenyekiti mpya wa chama cha mgomo.

Hotuba ya King hukumbukwa sana. Kazi iliyofuata hukumbukwa kidogo, na ndiyo iliyoshinda. Mgomo ulidumu siku 381. Watu wengi walikwenda kazini kwa miguu, wengine wakabebwa na magari ya kujitolea yaliyopangiwa vituo na saa. Makanisa yalinunua magari makubwa ya abiria na kuyaandika ubavuni majina ya makanisa, na watu wakayaita makanisa yanayotembea. Kampuni za bima zilipoyafutia bima, ikatafutwa nyingine London. Georgia Gilmore, mpishi aliyefukuzwa kazi kwa kutoa ushahidi kumtetea King, alikusanya wanawake wenzake wakapika kuku, pai na keki na kuziuza. Fedha ilipotangazwa kwenye mkutano wa kanisani, aliyeuliza imetoka wapi alijibiwa kwamba imetoka kwa klabu isiyotoka popote, ili wanawake wale wasifukuzwe na waajiri wao wazungu. Novemba 1956 Mahakama ya Juu ilithibitisha kwamba ubaguzi ndani ya mabasi unavunja Katiba, na kabla ya Krismasi weusi wa Montgomery walikuwa wakiketi popote.

Ni vigumu kuona chama chochote cha siasa cha wakati ule kikiweza kazi hiyo. Kilitakiwa kiwe na ukumbi usiokodishwa na mzungu, kiongozi asiyelipwa mshahara na mzungu, mkusanyiko wa kila wiki na desturi ya kutoa fedha kidogokidogo. Mchungaji mweusi alikuwa navyo vyote hivyo tayari.

Upande wa pili nao ulilijua hilo, ndiyo maana makanisa yalilipuliwa. Tarehe 15 Septemba 1963 baruti ya watu wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, iliua wasichana wanne ndani ya Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16, Birmingham, wakijiandaa kwa ibada. Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley walikuwa na miaka 14. Denise McNair alikuwa na miaka 11. Miezi mitano kabla ya hapo, katika jela ya mji huohuo, King alikuwa ameandika barua kwa viongozi wanane wazungu wa dini, Wakristo saba na rabi mmoja, waliomwomba apunguze mwendo. Aliianzia kwenye kingo za gazeti. Iliyomchoma zaidi, aliandika, ilikuwa subira ya watu wema wa kanisani.

Machi 1965, baada ya polisi kuwapiga waandamanaji waliodai haki ya kupiga kura mjini Selma, Alabama, King aliwaita viongozi wa dini wa nchi nzima, na safari hii wakaja kwa mamia. James Reeb, mchungaji mzungu kutoka Boston, alipigwa barabarani akafa. Masista wa Kikatoliki walitembea na mavazi yao ya utawa. Rabi Abraham Joshua Heschel alikuwa mstari wa mbele tarehe 21 Machi, maandamano yalipoanza safari ya kwenda Montgomery. Agosti mwaka huo Rais Lyndon Johnson alitia saini Sheria ya Haki ya Kupiga Kura.

Jumapili ileile ya tarehe 21 Machi, mjini Lynchburg, Virginia, mchungaji kijana wa Kibaptisti aitwaye Jerry Falwell alihubiri kwamba mchungaji ameitwa kuokoa roho, na siasa si kazi yake. Mwaka 1979 mchungaji huyohuyo alianzisha chama cha Moral Majority kuandikisha wapiga kura wahafidhina, na baadaye akayakana mahubiri yake ya zamani.

Ni nini kilichombadilisha? Wengi hutaja hukumu ya mwaka 1973 iliyohalalisha utoaji mimba nchi nzima, na ni kweli kwamba mamilioni ya waumini waliumizwa nayo kwa moyo safi. Ila mfuatano wa matukio una mambo zaidi. Wabaptisti wa Kusini, katika mkutano wao wa mwaka 1971, walitaka sheria iruhusu utoaji mimba katika hali kadhaa, zikiwemo ubakaji na hatari kwa afya ya mama. Mwanahistoria Randall Balmer ameonyesha kwamba kilichowakutanisha viongozi wahafidhina kama Falwell kwanza kilikuwa kodi: serikali ilivifutia msamaha vyuo na shule za Kikristo zilizobagua weusi, kikiwemo Chuo Kikuu cha Bob Jones cha South Carolina, kilichoshindwa katika Mahakama ya Juu mwaka 1983. Utoaji mimba ulikuja baadaye kidogo, nao ukawaunganisha Waprotestanti wahafidhina na Wakatoliki, watu ambao mwaka 1960 walitazamana kwa mashaka.

Muungano huo ulimpandisha Ronald Reagan mwaka 1980 dhidi ya Jimmy Carter, Mbaptisti aliyefundisha shule ya Jumapili karibu maisha yake yote. Mwaka 2016 wainjili wazungu wanane hivi kati ya kila kumi walimchagua Donald Trump, ambaye majaji wake watatu walisaidia kuifuta ile hukumu ya 1973 tarehe 24 Juni 2022. Waprotestanti weusi, wanaosoma Biblia ileile na mara nyingi wana msimamo mkali vilevile juu ya maadili ya ndoa, walikipigia kura chama cha Democratic kwa wingi mkubwa zaidi ya huo. Tofauti yao haitokani na mafundisho ya Utatu au ubatizo. Imetokana na mahali walipokuwa wamesimama babu zao mwaka 1845, na mwaka 1956.

Nguvu hii ya makanisa inapungua. Shirika la Gallup lilipohesabu mwaka 1999, Wamarekani 70 kati ya kila 100 walisema ni waumini wa kanisa, sinagogi au msikiti fulani. Mwaka 2020 walikuwa 47, mara ya kwanza kushuka chini ya nusu tangu hesabu hizo zianze mwaka 1937. Harakati ya Black Lives Matter ya kupinga mauaji ya weusi, iliyoanza mwaka 2013, iliitisha watu kwa simu za mkononi na haikuhitaji mimbari. Swali ni nani atakayepanga vituo na saa za magari, au atakayelipa bima, mgomo mwingine wa siku 381 ukihitajika.

Jimboni Georgia makanisa ya weusi bado hufanya kazi hiyo. Kwa miaka mingi yamewapakia waumini kwenye mabasi Jumapili baada ya ibada na kuwapeleka kwenye vituo vya kura ya mapema. Mwaka 2021, baada ya chama cha Republican kupoteza viti vyote viwili vya Seneti vya jimbo hilo, rasimu moja ya sheria mpya ilitaka kupunguza Jumapili hizo. Makanisa yalipinga, na kifungu hicho kikaondolewa. Sheria iliyosainiwa tarehe 25 Machi iliziachia kaunti uamuzi wa kufungua vituo Jumapili, lakini ikakataza kuwapa chakula au maji watu walio kwenye foleni. Kabla wiki moja haijapita wilaya ya AME inayosimamia Georgia ilikuwa imefungua kesi dhidi ya gavana, na Agosti 2023 jaji wa shirikisho alisimamisha sehemu ya katazo hilo, ile inayohusu foleni zilizo zaidi ya futi 150 kutoka jengo la kupigia kura.